Dakika ya Arobaini na Moja

Jumamosi, saa tisa alasiri, Fundi alikaza kanga kiunoni, akateremsha pazia la dirisha la duka lake la miwani, akageuza kibao cha mlangoni, akafuta unga wa vioo uliotanda kwenye jiwe la kusagia lenzi. Wiki nzima alikuwa kazini kuwarudishia watu macho. Alikuja mwalimu mstaafu aliyekuwa akisoma gazeti kwa urefu wa mkono. Alikuja dereva aliyeapa kwamba macho yake hayana neno, barabara ndizo zimeanza kufifia. Alikuja pia bibi mmoja ambaye, baada ya kuvaa miwani yake mipya, alimtazama mumewe kwa muda mrefu sana, kisha akauliza kwa upole kama anaweza kurudishiwa ile ya zamani.

Sasa zilikuwa saa zake mwenyewe. Nyuma ya duka palikuwa na chumba chake: kitanda, kochi la watu wawili, runinga, na juu kabisa bati tupu lisilo na dari. Bati hilo alilichagua kwa makusudi. Alipokuwa akitafuta pa kupanga alikataa vyumba saba vizuri, kila kimoja kikiwa na watu wanaotembea juu yake, akachukua hiki ambacho mvua ikinyesha huwezi kusikia hata mawazo yako. Bati ni jepesi. Likianguka, alijiambia, mtu analisukuma kando kama shuka, anatoka.

Mkasi alikuwa ameshafika. Jina halisi la kijana huyu lilijulikana kwa mama yake na kwa ofisi ya vitambulisho. Wengine wote walimwita Mkasi, kwa sababu alikata video za harusi, na alizikata vizuri kuliko mtu yeyote mjini. Miezi mitano iliyopita alikuja dukani na macho mekundu ya mtu anayeshinda mbele ya kompyuta. Fundi akampimia, akamsagia, akamvisha. Baada ya hapo alirudi mara sita kulalamika kwamba miwani imelegea masikioni. Mara ya sita Fundi aliiweka mezani akamwambia miwani haina kosa, aseme shida yake. Mkasi akasema shida yake ni kwamba miwani imekaa vizuri mno na yeye hana sababu nyingine ya kuja.

Tangu hapo hakuhitaji sababu.

Leo alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari, bakuli la bisi mapajani. Flashi alikuwa ameshaichomeka kwenye runinga. Diski ya Fundi ilikuwa imechubuka kwa kutazamwa mno, wiki iliyopita ikaanza kuganda, na Mkasi akajitolea kuihamishia filamu mahali ambapo haitachubuka tena. Fundi alimshukuru kwa macho tu, na Mkasi alikwenda nayo nyumbani kama aliyekabidhiwa mtoto.

Ilikuwa filamu ya kutisha. Zote alizozipenda Fundi zilikuwa za kutisha, lakini hii ndiyo aliyoirudia mpaka akaacha kuhesabu: familia inahamia nyumba kuukuu kando ya ziwa, na chini ya ngazi za nyumba hiyo anaishi mwanamke mwenye nywele zinazochuruzika maji. Fundi aliijua kama anavyojua njia ya kwenda chooni gizani. Dakika ya kumi na mbili paka anaruka kutoka kabatini. Dakika ya ishirini na sita simu iliyokatwa waya inalia. Dakika ya arobaini na moja binti mkubwa anashika kitasa cha mlango wa chini ya ngazi, na yule mwanamke anatoka.

Mkasi, kwa upande wake, alikuwa mwoga asiyejificha. Kuku akichinjwa, yeye anageukia ukutani. Mara ya kwanza walipoitazama pamoja alijiziba uso kwa mto wa kochi, akawa anauliza kwa sauti nyembamba kama yule mama ameshapita, na Fundi akacheka mpaka machozi yakamtoka, akalazimika kusimamisha filamu ajifute. Hakuwa amecheka hivyo kwa miaka miwili na nusu. Siku hiyohiyo, wakati anajifuta macho kwa ukingo wa kanga, alijua kwamba amekwisha: mtu huyu ameingia moyoni na viatu vyake.

Filamu ilianza. Dakika ya kumi na mbili paka hakuruka. Fundi alidhani labda alikuwa ameinamia bakuli. Dakika ya ishirini na sita mama wa familia alikuwa akimenya viazi, na simu haikulia. Mara akawa ameshamaliza kuvimenya. Fundi akajiweka sawa kwenye kochi. Kando yake Mkasi alikuwa ametulia, mto umelala chini miguuni pake, na kwa mara ya kwanza alikuwa akitafuna bisi kwa raha kama mtu aliye kwenye sherehe. Utulivu huo ulimkera Fundi bila kujua kwa nini.

Binti mkubwa aliingia ukumbini na taa yake. Muziki ukaanza kupanda taratibu, zile nyuzi nyembamba zinazokwaruza. Fundi alivuta pumzi akaishika, kama anavyofanya siku zote. Binti akanyoosha mkono. Vidole vikagusa kitasa.

Kukawa asubuhi. Familia yote imekaa mezani inakunywa chai. Baba alisema jambo, watoto wakacheka.

Fundi alisubiri. Wale watu mezani waliendelea kucheka. Pumzi aliyoishika haikupata pa kutokea. Alihisi vumbi puani, vumbi la saruji, ingawa chumba kilikuwa safi, na shingo yake ikageuka yenyewe kutazama juu, kwenye bati, kisha kwenye kona, kisha mlangoni. Bakuli likaanguka. Alipokuja kujitambua alikuwa uani, miguu mitupu, ameshikilia nguzo ya kamba ya nguo kwa mikono miwili.

Dada yake alikuwa pale, anafua. Chumba chake kilitazamana na cha Fundi, na Jumamosi ambazo hakuwa na zamu hospitali alizitumia kufua sare zake nyeupe. Aliacha kila kitu kwenye beseni akaja na mikono yenye povu. Mkasi naye alitoka mbio, miwani imemwenda kombo.

"Ameenda wapi?" Fundi aliuliza.

"Nani?" alisema dada yake.

"Yule mama wa ngazini. Hakutoka." Alikuwa anamtazama Mkasi. "Siku zote anatoka. Binti anashika kitasa, anatoka, tunaogopa, yanakwisha. Leo hakutoka. Kama hayumo mle ndani, Mkasi, yuko wapi?"

Mkasi aliinyoosha miwani yake, ikarudi kombo.

Dada alianza yale aliyozoea kuyasema: kwamba ameonya tangu mwanzo, kwamba hayo madude ya Jumamosi yatamrudisha mdogo wake wodini, kwamba hata wagonjwa wake wenye akili timamu hawatazami mambo hayo. Aliyasema huku akimsugua Fundi mgongo, na povu lilikuwa likimlowesha nguo.

"Si filamu, Dada," Mkasi alimkatiza. Sauti yake ilikuwa imenywea. "Ni mimi. Nimemtoa."

"Umemtoa?" aliuliza Fundi.

"Na paka. Na simu. Yote ya kutisha nimeyatoa. Nilikata, nikaunganisha."

Bomba lilikuwa likidondosha maji ndani ya beseni. Fundi alimtazama mwanamume huyu, kisha akaona jicho lake likikimbilia kwa dada yake na kurudi upesi, kama jicho la mtoto aliyetumwa. Akaelewa.

"Nani alikutuma?"

Dada ndiye aliyejibu, na hakuinamisha kichwa.

"Mimi."

Maneno yakatoka, mengi kwa mkupuo. Wiki tatu zilizopita Mkasi alikwenda hospitali kumwona Dada, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye ukosi, akamweleza nia yake. Wazazi wa akina Fundi walikuwa wamefariki zamani. Dada ndiye aliyekuwa baba na mama. Wakakaa kwenye meza ya kantini ya wauguzi. Dada akamwambia hana kinyongo naye, anaona ni kijana mpole na mwenye kazi yake, lakini mdogo wake alitoka chini ya jengo lililoanguka, na mtu aliyetoka huko hana haja ya kutazama makaburi yakifunguka kila wiki. Kama anampenda kweli, amwachishe mambo hayo kidogo kidogo, kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Afanye hivyo, na yeye mwenyewe atawapokea wazee wake kwa mikono miwili.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mlikaa mezani," alisema, "mkaniposa na kunitibu siku hiyohiyo, na mimi niko dukani nasaga lenzi." Aliachia nguzo. "Mnanipenda sana, najua. Ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Akaingia dukani na kufunga mlango.

Alifanya kile mikono yake ilichokijua. Alichukua lenzi isiyo na mwenyewe, akawasha jiwe, akaanza kusaga ukingo wake, na maji ya kupozea yakamrukia kifundoni. Jiwe lilikuwa na mvumo wake wa siku zote. Alijua ataamua nini. Mtu anayeweza kuingia kwenye kitu chako cha pekee akakibadilisha, kisha akakaa pembeni yako anatafuna bisi, atakubadilisha na wewe. Leo paka, kesho simu, mwishowe utaamka ujikute umebaki yale tu yanayopendeza wageni. Alimpenda, hilo hakujidanganya. Lakini alikuwa ameshajifunza kujinasua chini ya vitu vizito kuliko hivyo.

Mlango uligongwa. Mkasi alisimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Naweza kuingia?"

"Leo unauliza."

Hakuingia. Aliegemea mwimo wa mlango na kuanza kujieleza, na alijieleza vibaya, kwa sababu hakuwa mtu wa maneno. Alisema watu wanamletea harusi zao zikiwa ghafi, saa tisa za picha, na ndani yake mna kila kitu: shangazi amelala mdomo wazi, bwana harusi anamtazama mpambe wa mkewe kwa muda usiofaa, mtu analia nyuma ya nguzo na si kwa furaha. Yeye anatoa. Kisha wenyewe wanakuja, wanatazama, wanashikana mikono, wanamwambia hawakujua kwamba siku yao ilikuwa nzuri kiasi hicho. Hiyo ndiyo zawadi anayojua kuwapa watu. Hana nyingine.

"Nilidhani na wewe nitakupa hivyohivyo," alisema.

"Mimi si harusi, Mkasi."

"Nimeona."

Jiwe lilizunguka. Fundi aliinua lenzi kwenye mwanga, akaipima kwa jicho moja, akairudisha. Hakutaka kuuliza, lakini ufundi una udadisi wake, na alikuwa hajaona hata alama moja ya mshono katika ile kazi.

"Ulijuaje pa kukata?"

"Kwa kutazama."

"Wewe?"

"Hakuna njia nyingine. Ukitaka kipande kitoke bila kuacha kovu, lazima ukione chote, mwanzo mpaka mwisho, polepole, picha moja moja. Na sauti, kwa hedifoni." Alivua miwani akaanza kuifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na uchafu. "Yule mama wa ngazini nimemtazama mara nane. Ana majani mawili kwenye nywele, upande wa kulia. Jicho la kushoto rangi imemvuja mpaka shavuni. Waliompaka hawakuwa makini. Anapotoka, kabla ya kupiga ukelele, anavuta pumzi kama anayetaka kupiga chafya."

Fundi alikuwa amemtazama yule mwanamke zaidi ya mara hamsini na hakuwahi kuyaona majani.

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Mchana, madirisha wazi. Jirani nilimwomba akae ngazini apige soga kwenye simu kwa sauti kubwa, nisikie kuna mtu hai." Akaipuliza miwani. "Na wiki nzima nimeoga macho wazi. Nikiyafumba namwona. Sabuni yote inaniingia."

Fundi alijikaza kisabuni, na asingekumbuka hiyo sabuni ya Mkasi labda angefaulu. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikamshinda. Akazima jiwe. Mkasi, asiyejua kama anachekwa au anasamehewa, alibaki na miwani mkononi, macho yake mekundu yakipepesa.

Kicheko kilipokatika, kitu kingine kilibaki mahali pake. Daktari alikuwa amemwambia asahau. Wenzake wa zamani walikuwa wakibadilisha mazungumzo akiingia. Dada yake aliwahi kubeba runinga ya wodini akaenda kuifungia ofisini kwa matroni. Wote waliompenda waligeuza nyuso. Na huyu, anayegeukia ukutani kuku akichinjwa, alikaa peke yake na hofu yote aliyoipata ndani ya filamu ile, akaitazama picha moja moja mpaka akaijua kuliko mwenyewe.

"Kaa," alimwambia, akasukuma kiti cha wateja kwa mguu.

Alikaa. Fundi aliipangusa mikono yake kwa muda mrefu.

"Siku ile haikuwa na muziki," alisema. "Nilikuwa nauza vitambaa, duka la chini, ghorofa tatu juu yetu. Mwenzangu alikuwa ananiigizia mteja aliyetaka kitambaa cha rangi ya chai iliyopoa. Nimeegemea kaunta, nacheka. Hakuna paka aliyekimbia. Hakuna taa iliyopepesa. Tulikuwa tunacheka tu, na jengo likashuka." Alikunja tambara la kupangusia. "Saa kumi na tisa chini ya kifusi. Mimi nilitoka. Yeye hakutoka."

Mkasi hakusema pole. Alisogeza kiti kidogo tu.

"Kwa hiyo vichekesho ndivyo vinavyonitisha. Nikiona watu wanacheka mezani natazama dari. Wodini usiku na mchana walituwekea vichekesho, wakidhani wanatuliwaza, na mimi silali. Siku moja ikaja filamu ya mizimu, muuguzi akakimbia kubadilisha, nikamshika mkono nikamwomba aiache. Siku hiyo nililala usingizi wangu wa kwanza." Alitabasamu kidogo, kama anayemsema rafiki. "Filamu zangu zina adabu, Mkasi. Zinapiga hodi. Hofu inakuja pale ilipoahidi kuja, inakaa dakika yake, inaaga. Na mimi nabaki kwenye kochi, mzima. Kila wiki nabaki mzima. Wewe leo umeniwekea watu wanaocheka."

"Sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza."

"Hilo nalo kweli," alisema Mkasi. Aliangalia mkono wake uliokuwa juu ya meza, sentimita chache tu kutoka mkono wa Fundi. "Nikushike?"

Fundi aliutazama mkono huo, vidole vilivyochakaa kwa kubofya, akausogeza wake. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha kibao cha mlangoni kikahama kutoka kaunta hadi sakafuni. Kisha Mkasi akainuka, akavaa miwani, akasema ana neno na Dada. Alisema vile vipande vyote anavyo nyumbani, hakufuta hata kimoja, na atavirudisha kila kimoja mahali pake. Lakini kwanza hili.

Dukani palikuwa na kidirisha kilichofungukia uani. Fundi hakukusudia kusikiliza, ila hakukifunga pia.

Dada alikuwa amerudi kwenye beseni lake. Mkasi alisimama mbele yake, mikono nyuma kama mwanafunzi. Alimwambia anamheshimu, na anajua bila baraka zake hakuna atakapofika. Lakini lile sharti la kantini limemshinda. Hatakata tena. Kama ndilo lililokuwa daraja, basi daraja halipo, na ataendelea kuja hapa Jumamosi kama mtazamaji wa filamu tu, mpaka afukuzwe na mwenye chumba.

Dada alikamua sare. Aliikamua mpaka haikuwa na tone, akaendelea kuikamua.

"Unajua mimi nilikuwa wapi siku ile?" alisema. "Nje ya kamba iliyozungushiwa kifusi. Wachimbaji walikuwa wanasimama kila baada ya muda, wanatuambia sote tunyamaze, wasikilize kama kuna anayeita. Mtaa mzima unanyamaza. Watoto wachanga wananyamaza. Nasikiliza mpaka masikio yanauma. Hakuna kitu. Wanaanza kuchimba tena. Saa kumi na tisa, kijana. Nilichokuwa nakitaka duniani ni mdogo wangu apige kelele moja." Aliiweka sare juu ya jiwe. "Sasa kila Jumamosi niko hapa nafua, nasikia mwanamke anapiga kelele ndani ya chumba chake. Mimi najua ni runinga. Miguu yangu haijui. Kila mara inataka kukimbia."

Fundi alikuwa ameshafika uani kabla hajaamua kwenda. Miaka miwili na nusu waliishi mlango kwa mlango, wakapikiana, wakasukana nywele, wakagombania kamba ya nguo, na jambo hili hawakuwahi kuligusa hata kwa ncha ya kidole.

"Niliita, Dada," alisema.

Dada aligeuka.

"Nilisikia mlipokuwa mnanyamaza. Kila mara. Nilikuwa najua ndiyo zamu yangu, naita. Mdomo umejaa vumbi, sauti haitoki, lakini niliita. Na jina nililokuwa naita ni lako." Alivuta pumzi. "Wale wanawake wa kwenye filamu wanapiga ile kelele iliyonikwama mimi. Ndiyo maana sipunguzi sauti."

Muuguzi huyu, aliyefunga macho ya maiti bila mkono kutikisika, alikaa chini kwenye saruji iliyolowa, na sketi yake yote. Fundi akakaa naye. Walishikana kama walivyoshikana siku ya kwanza wodini, ila siku ile mmoja alikuwa na plasta hadi kiunoni na mwingine alikuwa akijifanya hana machozi. Leo hakuna aliyejifanya. Mkasi alirudi nyuma hatua mbili, akagonga ndoo, akaomba radhi kwa ndoo.

Hapo ndipo Dada alipocheka, katikati ya kilio, kicheko kizito cha mtu aliyechoka kubeba.

"Shemeji," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulitumia neno hilo, "usisimame hapo kama mlingoti. Tupe mikono tuinuke."

Akawainua, mmoja mmoja. Dada alijipangusa uso kwa kiganja chenye povu, akazidi kuharibu, akasema sharti lake amelifuta, wazee waje siku yoyote itakayowafaa, atawapokea. Ila kuna Jumamosi atakazotaka kukaa nao mle ndani, asiisikie sauti peke yake huku nje. Hatakaa kwenye kochi. Atakaa karibu na mlango.

"Nashukuru, Dada," alisema Mkasi. Lakini hakutabasamu kama mtu aliyepata. Alikuwa anahangaika na ukosi wa shati. "Wazee nitawaambia. Ila kabla yao kuna mtu nilimruka."

Dada akaelewa, akachukua sare ileile iliyokwisha kukamuliwa, akaanza kuikamua upya, amewapa mgongo.

Mkasi alimgeukia Fundi. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Fundi alikuwa ameona uso huo mara nyingi, nyuma ya mto wa kochi, lakini leo hakukuwa na mto.

"Ningependa nikuoe," alisema Mkasi. "Hilo nilimwambia kila mtu isipokuwa wewe. Sasa nakuuliza. Unataka?"

Fundi alimwacha asubiri. Hakumwacha kwa ukatili. Alitaka kumtazama vizuri, huyu mtu mwenye miwani aliyomsagia kwa mikono yake mwenyewe, na kuona kama angeweza kumtazama hivyo maisha yote bila kuchoka. Aliona angeweza.

"Ukinioa unanioa mzima," alisema. "Na taa yangu isiyozimwa. Na ngazi nisizopanda, hata kama juu kuna harusi ya ndugu yako. Na siku za vumbi ambazo siongei na mtu. Usije ukanipunguza kwa kunihurumia."

"Mzima," alisema Mkasi. "Sigusi kitu."

"Basi nataka."

Nyuma yao sare ilianguka ndani ya beseni. Mkasi alisimama pale akipumua kama aliyepanda mlima, na ikachukua muda furaha kumfika usoni. Ilipofika, ilienea mpaka masikioni. Kisha akakunja uso kidogo, kama aliyekumbuka jambo.

"Na mimi nina sharti. Moja tu."

"Sema."

"Nikijiziba macho, usinicheke."

Fundi alimshika ukosi ule uliopindapinda, akaunyoosha taratibu, upande mmoja, kisha wa pili.

"Hilo," alisema, "siwezi kukuahidi."